Dereva Aliyeshusha Abiria Mlimani

Habari za kifo chake nilizipata Jumanne mgahawani, kikombe cha chai ya rangi kikiwa mkononi. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu, aliyekuwa ametoka Shelui asubuhi hiyo, aliketi meza ya jirani akaagiza maandazi, kisha akasema kana kwamba anataja bei ya gunia, "Yule dereva mwoga wa Sekenke mnamkumbuka? Tumemzika Jumapili." Wawili wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba mtu amekufa, wakasema Mungu amrehemu. Mimi sikucheka. Niliuliza tu kilichomuua. Homa ya mapafu, akanijibu, siku nne basi. Kwa hiyo haukuwa moyo. Mtu yule aliishi miaka akiamini kwamba siku moja moyo wake utampasuka kifuani, na moyo ukamvumilia mpaka mwisho. Niliiacha chai yangu nusu nikatoka nje, kwa sababu wangu ulikuwa umeanza kunienda mbio.

Wanaoisoma safu hii kila juma wanajua kwamba si desturi yangu kuandika tanzia. Huandika juu ya mvua, barabara na bei ya mtama, na nikigusa watu huwagusa kwa utani. Leo sina utani mwingi. Sitamtaja jina, maana ana mke na watoto, na jina lake lilikwisha kuchezewa vya kutosha. Alikuwa dereva wa lori katika yadi moja ya umma hapa Singida, miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa karani katika yadi hiyo hiyo. Hatukuwa marafiki. Tulifahamiana kama wanavyofahamiana watu wanaokunywa maji ya mtungi mmoja kazini.

Anayekijua kipande cha barabara kati ya Misigiri na Shelui hahitaji maelezo. Unakwenda kwa muda mrefu juu ya nchi iliyoinuka, kisha nchi inakwisha ghafla, na chini unaona mbuga imetandazwa hadi macho yanaposhindwa. Hapo ndipo unapoanza kuushuka mlima Sekenke. Siku hizo njia ilikuwa kokoto tupu, na madereva wetu walikuwa na sharti lao. Ukifika juu unaingiza gia nzito, unapiga honi mara moja, na tangu hapo mpaka tambarare hakuna anayetamka neno ajali wala neno woga. Waliamini kwamba dereva akisema anaogopa, mlima umemsikia. Kisingizio kimoja tu kiliruhusiwa pale juu, nacho ni kwamba gari limechemka. Gari lilikuwa na ruhusa ya kuumwa, dereva hakuwa nayo.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tumepakia kaya tatu za Kinyiramba pamoja na mali yao yote: vitanda vya kamba, mitungi, mawe ya kusagia, magunia ya uwele, kuku waliofungwa miguu. Watu walikaa juu ya mizigo, nami mbele pamoja na dereva nikiwa na karatasi ya majina. Tulikuwa tukiwapeleka katika kijiji kipya chini ya mlima, upande wa Shelui. Njia nzima alikuwa akizungumza vizuri. Tulipoukaribia mlima akanyamaza. Tulipofika juu akasimamisha gari, akasema, "Limechemka," akashuka na debe la maji, akafungua boneti.

Nilishuka kunyoosha miguu. Asubuhi ile upepo ulikuwa wa baridi, nami nilikuwa nimefunga vifungo vyote vya koti, lakini shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Alikuwa ameegemea lori kwa mikono miwili, akitazama chini. Nikashika kifuniko cha rejeta kwa kiganja kitupu, na kiganja hakikuungua.

"Kaka, gari halijachemka," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa?"

"Niache kidogo, karani. Itapita."

"Nini hiyo?"

Alitazama juu kwa abiria kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Moyo. Unapiga kama mtu anatwanga. Mikono inakufa ganzi, pumzi hainitoshi. Naona nakufa sasa hivi, na hawa wote naondoka nao."

"Labda ni malaria."

"Malaria naijua. Hii inanishika nikibeba watu tu. Nikibeba pamba, hapa nashuka naimba. Pamba haina watoto."

Nilimshika mkono, nikamwuliza kama aliwahi kupata ajali. Alinitazama kana kwamba ndilo swali alilokwisha kujiuliza mwenyewe mara nyingi. "Miaka kumi na moja," akasema, "sijakanyaga hata kuku."

Bibi mmoja aliyekaa juu ya gunia la uwele aliinama kwenye ubao wa lori akauliza, "Mwanangu, gari limekufa?"

"Hapana, bibi. Limechemka."

Yule bibi hakuitazama boneti. Alimtazama yeye usoni, kwa muda, kisha akasema, "Basi tushushe. Miguu tunayo. Hata punda akifika kwenye mteremko hupunguziwa mzigo." Mwanawe akapinga, akasema serikali imewaahidi gari mpaka mlangoni. "Gari nimelipanda," bibi akajibu. "Sasa nataka kutembea." Akaanza kuteremka, na akishateremka mkubwa wa ukoo, nani atabaki juu? Wakashuka wote, na dereva akanigeukia akasema bila kunitazama, "Na wewe pia, karani." Tukatembea. Lori lilitupita polepole katika kona ya kwanza, na naapa kwamba nilimsikia akiimba.

Tulipofika chini tulimkuta anawagawia watu maji kwa kikombe kimoja, akiwapa wazee kwanza, macho yake yako ardhini. Lakini ule mwendo wa miguu ulikuwa umetuchelewesha sana. Kijijini walikuwa wametungojea tangu asubuhi kwa ngoma na nyimbo za kutukaribisha, mgeni aliyealikwa kutupokea alikuwa amekwisha kuondoka, na watu wetu wakaingia wamejaa vumbi kama waliofukuzwa mahali. Siku ya tatu yake malalamiko yalifika yadini: dereva aliwashusha wananchi na kuwatembeza mlima mzima ili kulifanyia mzaha zoezi la kuhama. Siku hizo tuhuma ya namna hiyo haikuwa ndogo. Mtu angeweza kupoteza kazi kwayo, na akabaki ananyoshewa kidole.

Mkuu wa yadi aliniita. "Wewe ulikuwepo," akasema. "Gari lilikuwa bovu, au dereva ni mgonjwa, au dereva ni mkorofi. Niandikie ni lipi." Wakati huohuo dereva alipelekwa hospitali. Wakampima damu, wakamsikiliza moyo, wakambonyeza tumbo, akarudi na kikaratasi kilichosema hana ugonjwa wowote. Jioni ile alikuja mezani kwangu, akasimama huku ameivua kofia. "Karani, wewe uliniona. Andika ulichokiona. Waambie nibebe mizigo, nisibebe watu. Sitaki likizo wala huruma. Pamba, chumvi, saruji, nitabeba mpaka nizeeke." Nikamwambia nitaandika.

Niliandika sentensi tatu. Gari halikuwa na hitilafu. Daktari hakuona ugonjwa. Abiria waliteremshwa bila sababu. Mbili za kwanza zilikuwa kweli tupu, na ile ya tatu niliitengeneza kutokana na hizo mbili, kwa mwandiko mzuri wa kikarani, nikaweka sahihi. Akanyang'anywa funguo akapewa ndoo na brashi ya kuoshea malori. Kila lori lililoingia, wenzake walimwuliza kutoka dirishani kama leo amechemka. Alivumilia miezi minane, kisha akaondoka bila kuaga akahamia Shelui kwa wakwe zake. Mimi, kwa kuandika vizuri, nilipandishwa cheo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Basi nililokuwa nikisafiria kwenda Nzega lilisimama Shelui, nikamkuta kando ya barabara analipaka grisi trekta la kijiji. Alikuwa amenenepa. Aliniamkia kwa furaha iliyonifanya nijione mdogo kuliko nilivyotazamia. Nikamwuliza kazi inakwendaje. Akapiga bomba la trekta kwa kiganja, akasema, "Hili lina kiti kimoja." Hakucheka aliposema hivyo, na nikaona kwamba alikuwa amejitafutia mwenyewe ile ruhusa niliyomnyima.

Nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba nilijua, na kwamba sikuandika.

"Ungeandika, wangeamini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Lakini ningejua kwamba yuko mtu mmoja aliyeniamini."

Nilimwuliza kama hali ile bado humjia. Akasema sasa inamjia hata akiwa shambani, hata kanisani. Alikwisha kwenda kwa padri, na kwa mganga, na shemeji yake Mwislamu alimletea kombe akalinywa pia, na kote huko alipata ahueni ya siku chache na maneno mazuri. "Zamani nilikuwa nashindana nayo, na ikiona unashindana inapata nguvu. Siku hizi naipisha. Namwambia mke wangu, imekuja. Ananiletea maji, anakaa karibu yangu anachambua mboga. Hanishauri kitu. Ikichoka inaondoka." Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama kwa namna ile ile yule bibi alivyomtazama yeye, akasema, "Na ya kwako, ilianza lini?"

Nilisema basi linapiga honi. Halikuwa linapiga honi. Konda alikuwa bado anakula.

Hapo ndipo ilipo aibu yangu, wasomaji, na nimeizungusha safu nzima ili nisiifikie. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni methali nzuri ya kumtetea mtu asiyejua, lakini mimi hainitetei, kwa kuwa kitanda hicho nilikuwa nakilalia. Tangu mwezi wa kwanza wa ajira yangu sijaingia ofisini asubuhi bila tumbo kunikata. Nafunga kabati la mafaili, natoka, nafika nusu ya njia, narudi kushika kufuli, na kesho yake narudi tena. Nikiitwa na mkubwa, ninakufa kwanza halafu ndipo ninakwenda. Nilipoushika ule mkono wa dereva pale mlimani, baridi yake niliijua, ilikuwa ya mikono yangu. Sikuogopa kwamba mkuu wa yadi hataniamini. Niliogopa ataniamini, kisha ataniuliza nimejuaje.

Watu wataniambia kwamba wasiwasi si ugonjwa, ni tabia, au ni uvivu uliovaa koti. Nimelisikia hilo mikutanoni na misikitini na makanisani, na kwa mama yangu mzazi. Wanauliza, mbona kipimo hakionyeshi? Mimi si daktari, lakini nimeona shati lililolowa jasho katika upepo wa Singida, na nimeona mwanamume mwenye nguvu anashindwa kufunga kifuniko cha debe. Kama kipimo hakikuona hayo, basi kipimo kilikuwa kinatafuta kitu kingine. Tena miaka ile ni nani aliyekuwa ametulia? Tulikuwa na nchi changa mikononi, kila mmoja akihofu kuonekana anarudisha wenzake nyuma. Watu waliziacha nyumba za tembe za baba zao na mashamba yaliyokolea samadi ya ng'ombe wao, wakaja kulala palipokuwa pori juzi, huku wakiimba kwa nguvu. Yawezekana wengi waliimba huku mioyo inawatwanga. Sisemi hatukupaswa kuhama, nasema tuliamrisha miguu tukasahau kwamba juu yake kuna vifua.

Ninachokiona ajabu zaidi ni kwamba katika mambo yote haya aliyetibu alikuwa mtu mmoja, bibi asiyejua kusoma, aliyekuwa anahamishwa kwake uzeeni na mwenye haki kuliko sisi sote ya kuwa na wasiwasi. Hakumwuliza dereva kwa nini anatetemeka. Hakumwambia ajikaze. Alihesabu haraka kichwani kwamba mtu huyu anaweza kushuka na mizigo na hawezi kushuka na watu, akaondoa watu. Kisha mimi, msomi, nikaandika kwamba ilifanyika bila sababu.

Kaka, ya kwangu ilianza nikiwa na miaka ishirini na miwili, na haijaisha. Nimechelewa kukujibu. Nimeshamwambia mke wangu juzi, kwa mara ya kwanza, naye akaniambia alikuwa anajua kwa sababu ya lile kufuli linalonichelewesha kurudi nyumbani. Nanyi mlio na watu chini yenu, katika ofisi, karakana, shule au shamba la kijiji, iko siku atakuja kwenu mmoja na kikaratasi cha hospitali kinachosema hana kitu, huku mnamwona anatetemeka. Msimwulize anaogopa nini, hataweza kuwaambia. Mwulizeni anaweza kubeba nini, mkampe hicho akibebe.