Bangili Saba na Betri Sita

Mafundi umeme wa mtaa ule walikuwa wengi, lakini aliyeitwa Taratibu alikuwa mmoja tu, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Kabla hajagusa waya alivua saa, akavua pete ya ndoa, akavua na mkanda wa suruali kwa sababu ulikuwa na kichuma, kisha akavitia vyote ndani ya kikopo cha plastiki na kukifunga. Ndiyo maana siku zote alifanya kazi kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika suruali. Wateja wenye haraka walikuwa wakienda sokoni, wakarudi, wakapika na kula, naye bado anatafuta bisibisi. Lakini nyumba alizofunga umeme hazikuungua hata moja, na hilo wenye midomo mirefu hawalisemi.

Mtu huyu asiyetishika na umeme alimwogopa binadamu mmoja tu: mama mkwe wake.

Si kwamba mama yule alikuwa mkali kwake. Laiti angekuwa mkali! Alimkirimu mpaka basi. Taratibu akifika, kiti chenye mto kilitolewa. Akinyanyua kikombe akakioshe, ananyang'anywa: "Aa, baba, kaa, usijichoshe." Watoto wake wanne mama aliwafokea kuche kuchwe, nao wakamfokea, nyumba ikachangamka. Taratibu hakufokewa hata siku moja. Majirani waliambiwa, "Leo tuna mgeni." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, yeye alikuwa mwaka wa kumi na moja na jembe hajalinusa. Ilimuuma. Mama yake mwenyewe alishafariki, na alitamani mno kuwa mtoto wa nyumba fulani.

Mama mkwe alikuwa na kitalu cha miche, na miche aliibeba kwa kigari cha gofu kilichostaafu uwanjani, chenye betri sita chini ya kiti na kisicho na taa hata ya dawa. Mara mbili giza lilipoanza kuingia alirudi nacho nyumbani akagonga geti, na geti lenyewe ni lake. Mume wa binti mkubwa, yaani mwanyumba wake Taratibu, muuza magodoro mwenye ujuzi wa kila kitu isipokuwa magodoro, akajitolea kufunga taa. Taa zilikuwa za volti kumi na mbili. Betri zote sita kwa pamoja zilitoa arobaini na nane. Mwanyumba akachomeka moja kwa moja, na taa zikawaka vizuri sana, kwa muda wa chafya moja.

Basi Jumamosi asubuhi akaitwa Taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa kwanza, upumzike."

"Sijachoka, mama."

Akavua vyake, akafunga kikopo, akainua kiti cha kigari. Mara mama akaja kusimama karibu na betri, spana mkononi, na kwenye mkono huohuo bangili saba za shaba zikilia nga nga nga.

"Nikushikie hii, baba?"

Taratibu akatokwa jasho. Chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja, ngozi inaungua hadi mfupani. Lakini utamwambiaje mama mkwe avue? Akaamua kuzungumza na kigari.

"Ewe kigari," akasema, "betri hizi hazipendi chuma. Aliyevaa chuma, ingekuwa vyema akae mbali kidogo, kwa heshima zote."

"Unasema na nani, baba?"

"Na kigari, mama."

"Kinajibu?"

"Bado."

Mwanyumba, aliyekuwa amekalia kile kiti chenye mto na glasi ya chai, akacheka mpaka akajimwagia. Mama akainama. "Kwani nati unayotaka kulegeza ni hii?" Mkono ukashuka, bangili zikateleza, spana ikaelekea palepale pabaya.

"Mama! Toa mkono! Acha ubishi, utaungua!"

Sauti ile Taratibu hakujua anayo. Akausukuma mkono wa mama, spana ikadondoka juu ya betri. Chwaaa! Cheche zikaruka. Akanyakua mwiko wa mbao kwenye beseni la vyombo lililokuwa karibu na kuipiga spana, ikarukia majanini. Tatizo ni kwamba kazi ile ilihitaji mikono yote miwili. Suruali, ilipoona haina mwenyewe, ikashuka hadi magotini.

Hebu fikiri: umemfokea mama mkwe, umemsukuma, na sasa umesimama mbele yake kwa kaptura ya ndani yenye maua. Hata mwanyumba aliacha kucheka.

Mama akaiokota spana kwa kitambaa. Ukingo wake ulikuwa umeyeyuka. Akazitazama bangili zake. Akageuka akaingia ndani, na Taratibu akajua ndoa yake imefika mwisho. Akapandisha suruali, akasubiri hukumu.

Mama akatoka na mkono uliojaa povu la sabuni. Akafungua kikopo, akazidondosha bangili zote saba juu ya mkanda na pete.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Niliogopa, mama."

"Unaogopa kunifokea, huogopi niungue?" Akajipangusa povu. "Duniani wanaonifokea ni wanne tu, na wote nimewazaa mwenyewe. Haya, endelea na kazi."

Taratibu akaendelea. Alitoa kwanza waya mkuu wa hasi. Akafunga kifaa cha kushusha volti, arobaini na nane ziwe kumi na mbili. Fyuzi akaiweka shibiri moja tu kutoka kwenye betri, ili waya ukichubuka njiani ife fyuzi, wasife watu. Nyaya akazipitisha ndani ya bomba la plastiki, mbali na magurudumu, hadi kwenye swichi. Mama alibishana naye kila hatua.

Saa sita mchana, jua la utosi, taa zikawaka. Mama akazunguka nazo mtaa mzima akipiga honi, ili asiyeona asikie. Aliporudi alimkuta Taratibu anakiendea kile kiti chenye mto, kwa mazoea tu.

"Wewe!" mama akafoka. "Unakaa, na mbolea ishushwe na nani?"

Magunia ya mbolea ya kitalu, yaliyokuwa kwenye mkokoteni getini, yalikuwa tisa. Taratibu aliyabeba yote begani, mkanda bado uko kikoponi, mkono mmoja umeshika suruali, meno yote nje. Jirani akachungulia juu ya ua, akashangaa.

"Mama, leo mgeni wenu mnamfanyisha kazi?"

"Mgeni gani?" akauliza mama.