Kitambaa cha Akiba

Nyumbani kwa mumewe walimwita Tani Moja, naye aliitika. Angefanyaje? Fundi cherehani wa kilo mia na kumi na tano, magoti yamekwisha, hana mbio za kumkimbia mtu. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: goti halipasuliwi mpaka ashuke chini ya kilo mia. Akamwandikia dawa ya kujidunga mara moja kwa wiki, vichupa vikae kwenye friji.

"Ukiiacha," alimwonya, "njaa itarudi, na kilo zitarudi nayo."

Miezi miwili ya kwanza alishuka kilo tisa, akalia kwa furaha palepale juu ya mizani. Halafu mizani ikagoma. Kisha ikaanza kupanda.

"Anakula kwa kujificha," mumewe alimwambia daktari, mkewe akiwa ameketi hapohapo kama kiti kingine. Fundi aliapa mpaka sauti ikamkauka. Daktari akaisitisha dawa, na jina lake akalitoa kwenye orodha ya upasuaji.

Kesho yake asubuhi wifi yake, dada wa mumewe waliyeishi naye, alikuja kujaribu gauni la harusi. Lilipwaya tena. Mara mbili fundi alikuwa amelipunguza kiuno, na kila mara alibakiza kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili mwili ukinenepa gauni lilegezwe.

"Hata njaa siisikii," wifi alicheka. "Ila kila Jumamosi, kichefuchefu!"

Jumamosi, siku moja baada ya sindano, ndiyo iliyokuwa siku ya fundi kutapika, zamani dawa ikifanya kazi. Alilishusha gauni mpaka nyongani, akaipandisha fulana ya ndani ili ampime kiuno. Tumboni palikuwa na alama ndogo za sindano, kama zake mwenyewe. Nusura ameze pini alizobana mdomoni.

"Umetia nini kwenye vichupa vyangu?"

"Maji," wifi alisema, hana hata haya. "Ya kuchemsha lakini! Usinune, Tani Moja. Wewe unene umeshauzoea, mimi naolewa miezi miwili ijayo. Na ukisema, kaka atamwamini nani?"

Fundi akatema pini kiganjani, moja moja.

"Kweli, wifi. Simama wima nikubane vizuri."

"Nibane hasa! Vichupa vipya unachukua lini?"

"Wiki ijayo," alidanganya.

Wifi alipoondoka, fundi alikishona kiuno kwa kipimo cha siku ile. Kisha akachukua mkasi, akaikata akiba yote mpaka karibu na uzi, akaitupa kwenye pipa. Magoti yalimuuma vibaya. Akasaga meno, akaendelea kukanyaga cherehani.