Kioo Kipya cha Anselimu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa mama kijana hapa Nyaishozi, Koku wetu yuko mgongoni, mume wangu Anselimu aliniita niache kumenya ndizi nije nitazame kompyuta yake. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Nyumba nyingi za matofali unazopita ukielekea Ndama zilianzia kwenye ile laptopu.

"Mama Koku, unaona huku pembeni palivyofifia? Kioo kimechoka."

Nikainama. Niliona nyumba nzima, madirisha, hata ngazi za barazani. "Mbona mimi naona yote?"

"Hujaizoea tu," akasema, bila ubaya. Alikuwa mpole, usimhukumu.

Akaipeleka kwa fundi kule mjini Kayanga, ikafungwa kioo kipya chenye mwanga mkali. Siku chache alifurahi, kisha akaanza tena kulalamika, akisogeza uso karibu na kioo. Siku hizo alikuwa anaangusha vikombe mezani. Siku moja akienda Songambele na pikipiki, akamgonga ng'ombe aliyekuwa anavuka taratibu kabisa. Alirudi amechubuka, akasema ng'ombe alimrukia.

Nikamwambia, "Baba Koku, twende ukapimwe macho."

"Macho yangu? Mimi ninayesoma Biblia ya maandishi madogo bila miwani?"

Na kweli alikuwa anaisoma. Hilo ndilo lililotudanganya sote.

Safari hii akasema tatizo ni kadi ya picha, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuchora. Fundi alimwambia kwa laptopu ya aina ile inabadilishika, ila yeye fundi anaona picha haina kasoro. "Weka tu," Anselimu akajibu. Kadi ikaagizwa Mwanza. Tukangoja, kahawa ikachanua, ikazaa, tukaivuna, na sisi bado tunangoja kadi.

Ilipofika nilimsindikiza. Fundi akaifunga, akawasha, na ramani ya nyumba ikageuka pale kiooni laini kabisa, kama vile unatembea vyumbani. Nilitabasamu. Anselimu akageuka kwa fundi.

"Kaka, mbona upande huu hujauwasha?"

Fundi akanitazama mimi. Nikaifunga laptopu, nikamshika mume wangu mkono.

Hospitalini Bukoba daktari alisema ni presha ya macho, nayo hula kuanzia pembeni. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Akatupa dawa ya matone, tukaitumia kwa utii wote, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia mbali. Giza lilimaliza kufunga kabla Koku hajaanza shule. Uso wa binti yake anaujua ule wa utotoni tu.

Yuko hapo barazani, unamsikia akikohoa. Hachori. Mara nyingine huuliza kama mvua imeanza kuja upande wa mlima, nami humweleza, naye hukaa ameelekeza uso huko kutwa nzima. Zamani niliomba macho yake yarudi. Siku hizi naomba tu asiniulize.

Mwanangu, kifaa chako kikianza kukusumbua, mwite mwenzako akitazame. Akikuambia anakiona kizima, usibishane naye, nenda ukapimwe wewe. Nenda hata kama huumwi, maana yeye hakuumwa hata siku moja. Na wewe uliye pembeni, ukiona mwenzako anagonga vitu, mshike mkono umpeleke, hata akikasirika. Maneno peke yake hayakutosha kwangu.

Mungu akutunzie mboni zako, mwanangu. Uwaone watoto wako wakikua hadi wazeeke.