Sahihi Yangu ya Soda

Siku hizi sisaini karatasi yoyote kabla ya kuigeuza mbele na nyuma. Juzi niligeuza hata cheti cha zahanati, muuguzi akaniangalia kama mgonjwa wa aina nyingine.

Muda wa baraza la chama chetu ulikuwa umekwisha, na habari za uchaguzi mpya hazisikiki. Wanachama wa kilima chetu, yaani kijiji chetu huku Nyarusange, wakanichagua niende mkutanoni Gitega nikaulize kwa nini. Jirani yangu, mjane tuliyerudi naye kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, ndiye aliyenipigia debe. Niliuliza, tena mbele ya wote. Mwenyekiti akatabasamu, akasema majibu yatakuja baada ya soda. Kwenye mikutano yetu ukipewa soda unasaini kwamba umepokea, ndiyo kawaida. Nikasaini, nikanywa. Majibu sikuyapata, na tabasamu lile halikunipendeza.

Wiki mbili baadaye barua ikasomwa kilimani: baraza limeongezewa muda kwa ridhaa ya wajumbe, sahihi zimeambatishwa. Yangu ilikuwa ya saba. Watu wote wakanigeukia. Jirani yangu akasema taratibu, "Kaka, tulikutuma ukaulize. Nani alikutuma ukakubali?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikasafiri hadi Muyinga, anakoishi katibu wa baraza. Alinipokea vizuri mno, na hilo likanizidishia shaka. Akaitoa karatasi yenyewe bila kusita. Majina yalikuwa yale yale ya soda. Siku ile juu ya majina palikuwa patupu. Sasa palikuwa pamepigwa chapa azimio zima. Nikamwambia mimi nilisaini soda, si azimio.

"Muzee, hii sahihi iko yako ao haiko yako?"

"Ni yangu."

"Basi, c'est bon. Mambo iko sawa."

Niliporudi nilieleza yote bila kujipamba. Wengine wakanong'ona kwamba mtu mzima hauzwi kwa soda moja, lazima kuna kingine nilichopewa. Iliniuma sana, ingawa ningekuwa wao ningesema hivyo hivyo. Jirani yangu akapendekeza mkutano ujao tuende wawili: mimi nikalihoji baraza, na yeye anichunge mimi. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Wa kwanza kunyoosha nilikuwa mimi.