Kitanda Alichoahidiwa Rahab

Njuguna hakuwa mvivu, na hilo ndilo lililomkera Rahab zaidi. Mvivu angemsamehe. Mvivu ameumbwa hivyo. Umtukane, umwombee, ni yuleyule. Lakini Njuguna alikuwa ametandika vitanda maisha yake yote ya kazi. Alitandika ndani ya treni ya usiku iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa, tena daraja la kwanza, kwenye vile vyumba vya watu wawili wawili. Abiria walipokwenda kula, yeye aliingia nyuma yao na shuka mkononi. Walipomaliza kutafuna kuku na kurudi, walikuta shuka imenyooka haina kunyanzi, blanketi limekunjwa pembe moja likimwita mtu alale. Watalii walimpiga picha. Bibi mmoja wa Kihindi, alivyosimulia Njuguna mwenyewe, alikataa kulala mpaka amwite mumewe aje aone.

Mtu huyohuyo, tangu alipomwoa Rahab, hakuwahi kugusa hata foronya nyumbani kwake.

"Mganga hajigangi," ndivyo alivyokuwa akijitetea, huku amejilaza juu ya kitanda kilichotandikwa na mkewe.

"Sikukuambia ujigange," Rahab alikuwa akimjibu. "Nimekuambia ujitandikie."

Na hapo wote wawili walikuwa wakicheka, kwa maana waliishi vizuri. Walikuwa na ploti yao Kitengela, nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo wa mbugani hauna haya na vumbi la malori ya mawe hukaa juu ya kila kitu. Walikuwa na nyumba ya mawe, tangi la maji, na kuku wa mayai waliolisha nyumba na kusomesha Jackie, binti yao wa mwisho. Rahab hakuwa na la kulalamikia, isipokuwa hilo moja, na hilo moja alilitunza.

Sababu ni kwamba aliahidiwa. Enzi za ujana wao kule Kinangop, vijana wengine waliokuja kwao walijisifu kwa mashamba na ng'ombe wa maziwa. Njuguna hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akasema, "Siku moja nitakupandisha treni. Utaenda kula na wakubwa, kwa uma na kisu. Na ukirudi, utakuta nimekutandikia kitanda." Basi. Maneno hayo yakamtosha msichana mzima kuacha ng'ombe wa maziwa.

Ikaja harusi, wakaja watoto, ikaja karo, ikaja ploti na mchanga na saruji. Kila mwaka safari ile ilisukumwa mbele, mpaka treni yenyewe ya usiku ikasimamishwa, Njuguna akastaafu akiwa bado hajamtandikia mkewe kitanda. Treni mpya ikaja na viti vizuri, lakini vitanda hakuna. Unafika Mombasa kabla hujamaliza njugu zako.

"Ahadi ni deni," Rahab alikuwa akimwambia Saado, jirani yake mwenye duka pale kona, "na mdeni wangu amestaafu."

Saado, aliyekuja Kitengela kutoka Garissa akiwa bibi harusi, hakuielewa tamaa hiyo hata kidogo. "Mama Jackie, walahi, mtu analipa pesa aende kulala? Si kitanda iko kwako?"

"Hiyo iko kwangu ni mimi naitandika."

Jackie ndiye aliyeleta habari. Alikuwa nyumbani siku ya Jumapili, simu mkononi kama kawaida yake, akainua kichwa. "Dad, kumbe Arusha kuna treni ya kulala. Inaenda Dar. Si mnapitia tu hapo Namanga?"

Njuguna aliweka chini kikombe. Rahab akamtazama mumewe usoni, akaona sura ambayo hakuwa ameiona tangu ile siku ya kiti cha wageni.

Basi pakawa na shughuli. Jackie alipotaka kuwapigia watu wa Arusha simu awaulize vyumba vikoje, babake alimkatiza. "Wacha. Mimi ndiye wa kuulizwa habari ya treni. Wewe lipia vitanda viwili."

"Lakini Dad, maybe huko ni different. Si niulize tu?"

"Treni ni treni."

Kuuliza si ujinga, lakini kumwambia hivyo mtu aliyekula mshahara wa reli ni kazi bure. Jackie akalipia vitanda viwili. Jambo moja tu lilimshangaza Rahab: usiku wa kuamkia safari Njuguna alipanga begi lake mwenyewe, akalifunga zipu, na Rahab alipotaka kuongeza soksi akaambiwa ziko za kutosha. Mtu ambaye maisha yake yote alipangiwa begi! Alidhani ni furaha ya safari, akamwachia.

Saado alibaki na ufunguo wa banda la kuku. Wao wakaondoka asubuhi kwa barabara ya Namanga. Walipofika Kajiado treni ya mizigo ya magadi ilikuwa inakata mji, mabehewa yake meupe kwa unga, na Njuguna akavua kofia mpaka behewa la mwisho likapita. Rahab alijifanya hakuona. Ndani ya moyo wake alikuwa tayari anakula kwa uma na kisu.

Mpakani walipata karatasi zao bila taabu, wakalala Arusha kwa mtoto wa dadake Rahab, na kesho yake mchana wakawa kwenye jukwaa la stesheni. Rahab alikuwa amevaa gauni la kitambaa cha buluu alilolishonesha kwa ajili ya safari hiyo tu. Njuguna alizunguka akigonga magurudumu kwa macho, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akajitokeza mbele yao mhudumu wa behewa, kijana mrefu mwenye sare, aitwaye Mshana.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Karibuni sana." Akazipokea tiketi, akazisoma, akaelekeza kwa adabu ya watu wa huko. "Mama, wewe ni chumba cha tatu. Mzee wangu, wewe ni chumba cha saba, huku mbele."

Njuguna alicheka kidogo. "Kijana, umekosea. Huyu ni mke wangu. Tuko chumba kimoja."

"Naelewa mzee, lakini vyumba vya daraja hili ni vya vitanda sita. Wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Ndio utaratibu. Mkitaka kukaa pamoja, mnalipia chumba kizima mapema."

"Sisi tumeoana kanisani!"

"Hongereni sana, mzee. Lakini akina mama wengine watano hawajaolewa na wewe."

Watu wawili watatu waliokuwa wamepanga mstari nyuma yao walicheka, na Rahab mwenyewe angecheka kama jambo lisingekuwa lake. Njuguna alizitazama tena tiketi mkononi mwa kijana. Alikuwa amehudumu kwenye vyumba vya watu wawili miaka yote hiyo. Vya abiria wengi wengi vilikuwa vya wenzake, mabehewa mengine, na hakuwahi kujishughulisha navyo. Alimgeukia mkewe.

"Jackie alitaka kuuliza," Rahab alisema. Hakusema kwa ukali, na hilo lilimuuma Njuguna kuliko ukali. Alichukua begi lake akapanda chumba cha tatu.

Humo alikaribishwa vizuri mno. Wanawake wa huko hawamwachi mgeni akae kimya. Aliyekaa mkabala naye, Mama Upendo, mfanyabiashara wa vitunguu aliyekuwa akirudi Dar, alimpa ndizi, akamuuliza habari za watoto, akamuuliza habari za Kenya yote kana kwamba Rahab ndiye aliyekabidhiwa funguo zake. Walipokaribia Moshi mlima ulijitoa mawinguni, na Rahab akaambiwa autazame.

"Kwetu watu wa Loitokitok wanauona kwa upande ule mwingine," akasema.

"Basi leo umeuona mgongo," Mama Upendo akasema.

"Ama nyinyi ndio mnaishi mgongoni," Rahab akamjibu, na chumba kizima kikaangua kicheko. Lakini kicheko kilipokwisha macho yake yalirudi kwenye kitanda chake, kile cha chini. Kilikuwa godoro tupu, na juu yake mfuko wa shuka, mto na blanketi, uliowekwa hapo na Mshana. Kila abiria alitakiwa kujitandikia mwenyewe. Rahab aliutazama ule mfuko, akaona kwamba amevuka mpaka, na nchi, na umri wote huu, ili aje ajitandikie tena. Aliona uchungu wa kitoto kabisa, na akajionea aibu kwa kuuona.

Giza lilipoanza kuingia wakaitwa kula. Rahab alipita chumba cha saba, akachungulia. Kulikuwa na wanaume waliovua viatu, wakibishana juu ya mpira. Njuguna hakuwemo.

"Mzee wako alitoka na yule mhudumu," mmoja wao akamwambia. "Wanaongea mambo ya treni tangu Moshi."

Bila shaka, Rahab akawaza. Hata leo. Akaenda behewa la chakula pamoja na akina mama wenzake, akaletewa wali na kuku, na uma na kisu pembeni. Kuku alikuwa mtamu. Alimla kwa mikono, kwa hasira, na mara mbili akatazama mlangoni, na mlangoni hakutokea mtu. Sahani ya Njuguna aliagiza ifunikwe, maana hasira ni hasira na njaa ni njaa.

Waliporudi, Mshana alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha tatu, mikono nyuma, akijizuia kutabasamu na akishindwa.

"Akina mama, samahani, dakika moja tu. Anamalizia."

"Nani anamalizia?" Mama Upendo akauliza, na bila kungoja jibu akausukuma mlango.

Njuguna alikuwa ameinama juu ya kitanda cha chini, kile cha mkewe. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazi, lile ambalo Rahab alidhani liliozea kwenye sanduku, limembana tumboni na kifungo kimoja kimepotea. Vitanda vingine vitano vilikuwa tayari, kwa sababu mkono wa Njuguna haukuweza kutandika kimoja ukaacha vingine ndani ya chumba kilekile. Cha Rahab alikiacha cha mwisho. Alipitisha kiganja juu ya shuka mara moja, polepole, kunyanzi zikakimbilia ukingoni na kwisha. Akaugonga mto pande mbili. Akakunja blanketi pembe moja. Kisha akanyooka, akageuka, akasimama kwa miguu iliyobanwa pamoja namna alivyosimama mbele ya abiria maisha yake yote.

"Chakula kilikuwaje, madam?"

 Rahab alikuwa amejitayarisha kumpa maneno, maneno mazuri ya Kikuyu aliyokuwa akiyapanga tangu kwenye wali, na yote yakapotea. Alikuwa na furaha. Ilimjaa mpaka ikamtoka machoni, na hakujali nani anaona.

"Baba Jackie," akasema mwishowe, "hujakula. Nimekuachia kuku."

"Wafanyakazi hula mwisho." Akainamisha kichwa kidogo. "Usiku mwema, madam. Usiku mwema, akina mama." Akapita kati yao, akatoka, koti lake jeupe likaelekea upande wa kuku.

 Mama Upendo alikigusa kitanda chake kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu joto la pasi.

"Dada, yule ni mhudumu au ni mumeo?"

"Ni mume wangu."

"Na nyumbani hukutandikia hivi?"

Rahab alifuta macho kwa upindo wa leso. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake, kwa uangalifu asikiharibu.

"Bado," akasema. "Lakini wiki ijayo tunarudi."

Dar waliiona. Walikula samaki, wakatembea ufukweni viatu mkononi, Njuguna akaunguzwa shingo na jua. Waliporudi Kitengela, Saado alifunga duka mchana kweupe akaja kurudisha ufunguo na kusikia habari.

"Haya, sema Mama Jackie. Bahari ilikuwa aje?"

"Iko tu, maji mingi," Rahab akasema. "Kuja uone kitu."

Alimshika mkono akampitisha sebuleni, akafungua mlango wa chumba cha kulala, akasimama kando ili jirani yake aone vizuri. Shuka ilikuwa imenyooka. Blanketi lilikuwa limekunjwa pembe moja. Saado alitazama kitanda, akamtazama Rahab, akatazama kitanda tena.

"Ni nani ametandika hii?"

Kabla Rahab hajajibu, sauti ya Njuguna ikasikika kutoka nje, bandani, katikati ya kelele za kuku.

"Msikikalie!"