Yule Mama wa Jukwaani

Hadi leo nikinusa udi kwenye koti lenye unyevu, namkumbuka bibi yangu mzaa mama. Alikuja kwetu ughaibuni, Gaithersburg, kutoka Tanga mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi nikiwa na miaka tisa, na kila alichovaa alikifukiza kwanza, hata lile koti zito aliloazimwa na jirani.

Tulipendana kimyakimya. Yeye hakujua Kiingereza. Mimi Kiswahili nilikisikia vizuri, ila kila neno nililijibu kwa Kiingereza. Bibi alinitazama mdomoni, kisha akamgeukia mama: "Kasemaje?"

Jumamosi moja mchana, safari yake ya kurudi ikikaribia, mama alitupeleka mjini, kwenye jumba la opera kando ya mto, kutazama baleti ya kuchekesha, hadithi inayosimuliwa kwa dansi tu. Viti vilikuwa vyekundu, laini hata Bibi akakipapasa chake kabla ya kukaa. Taa zikazimwa, vijana wakaruka jukwaani wakiwa wamebanwa na zile soksi ndefu mpaka kiunoni. Bibi akaninong'oneza, "Maskini, huyu kaja bila suruali."

Hadithi ilikuwa ya msichana aliyempenda kijana fukara, na mama yake msichana huyo, aliyeigizwa na mwanamume ndani ya gauni pana, akimfungia ndani asitoroke. Hakuna aliyetamka neno. Kwa mara ya kwanza mimi na Bibi tulielewa jambo moja kwa wakati mmoja, bila mkalimani. Yule mama aliposinzia na funguo zake kiunoni, Bibi alinishika mkono, akacheka mpaka ushungi ukamwangukia mabegani.

Mwishowe binti akaondoka na mpenzi wake, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Bibi alibaki amekaa.

"Na yule mama," akauliza, "sasa atabaki na nani?"

Mama yangu alikuwa akitafuta glavu mkobani. Akaendelea kuzitafuta. Nikajikakamua, kwa Kiswahili: "Atakwenda kuwatembelea, Bibi."

Akaurudisha ushungi wake kichwani. "Inshallah, mjukuu wangu."

Hakujaaliwa kuja tena. Kwa miaka mingi niliikumbuka sentensi yangu ile kwa fahari, kama mtoto aliyefaulu mtihani. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba binti aliyeondoka alikuwa mama yangu, pale kiti cha tatu, akipekua mkoba usiokuwa na kitu cha kupekuliwa, na kwamba Bibi hakuwa akimlaumu. Alitaka tu kuambiwa, na mtu yeyote, kwamba atatuona tena.