Shangazi Aliyetuma Maji Makavu Ng'ambo

Shangazi yangu ni fundi wa maabara katika kiwanda cha sabuni. Zamani maabara ilipakana na mitambo. Wafungashaji wakilalamika kwamba vipande vinavunjika, yeye anavuka mlango, anakinusa kimoja, anarudi kukoroga. Siku mbili tu, mambo yamekaa sawa.

Halafu wakubwa wakahamishia utafiti wote ng'ambo. Shangazi akaachiwa meza moja na kazi ya kujaza fomu.

Mwaka huu wataalamu wa huko wakatuma sabuni mpya. Kwao ilitoa povu kama mawingu. Kwetu, babu alijipaka kichwa kizima, akatoka bafuni amejaa mabonge meupe.

"Wewe binti, umeniletea sabuni au gundi?"

Shangazi akajua papo hapo: maji yetu ya kisima yana chumvichumvi, na wenzake wa ng'ambo wanaijaribu sabuni kwa maji yaliyochujwa. Akawaandikia mara tatu. Wakajibu: "Mtumiaji asugue zaidi." Meneja naye akaja juu.

"Dada, sabuni hii ikidoda, na meza yako naifunga."

Shangazi akaamua kuwatumia maji yenyewe, lakini dumu la maji halipandi ndege. Basi akayachemsha ndoo baada ya ndoo mpaka yakakauka kabisa, sufuria zetu zote zikaota ukoko mweupe. Akaukwangua kwa kijiko, akautia kwenye chupa, akaenda posta. Karani akamkazia macho.

"Mama, huu unga ni wa nini?"

"Ni maji."

"Maji?"

"Makavu."

Alihojiwa saa nzima, lakini chupa ikaondoka.

Wiki iliyofuata mtaalamu mkuu akatokea kwenye skrini ya ofisi, ameukoroga ule unga kwenye maji yao na kunawa kwa sabuni yao, mikono yake imegandwa na mabonge. Shangazi anasema alibana kicheko hadi mbavu zikauma.

"Mbona hamkutuambia?"

"Mara tatu! Fomu yenu inauliza harufu, rangi na uzito. Maji haiyaulizi, nikawa naandika pembeni."

Meneja akauliza marekebisho yatachukua muda gani. Ng'ambo wakasema miezi minne. Shangazi akainua kopo la sabuni aliyoirekebisha, iliyokorogwa kwa maji ya kisima, povu likamwagikia mezani.

"Mimi nilianza juzi."

Meneja akatazama povu, akatazama skrini, akakohoa.

"Dada yangu, unahitaji nini?"

"Meza ya pili."

Aliletewa Jumatatu. Mguu mmoja ni mfupi, lakini ameshaijaza vikopo.